Mungu Hana Daftari la Madeni

Somo: Ayubu 1:6-12 na 42:7-9
Soma pia: Yohana 20:24-29, Wakolosai 2:13-14

Jumapili iliyopita tuligusia jambo hili kwa dakika chache tu, na tangu siku hiyo simu na jumbe zimekuwa nyingi kuliko kawaida. Kwa hivyo nimeombwa niliandike kama somo la wiki, tulipitie polepole, na vikundi vya nyumbani vilijadili Jumatano.

Jambo lenyewe ni shaka. Sisemi juu ya mtu wa nje anayetucheka tukienda kesha. Nasema juu ya mtu aliyeokoka, anayeimba kwaya, anayetoa fungu la kumi, halafu usiku taa zikizimwa anajiuliza: Hivi Mungu yuko kweli? Na kama yuko, ananijali? Mbona niliomba na sikuona kitu? Mtu huyu haulizi kwa sauti. Anaogopa ataambiwa ana imani haba, ama ataondolewa kwa huduma. Basi ananyamaza mwezi, ananyamaza mwaka, na siku moja tunashtukia kiti chake ni kitupu.

Nimeketi na wengi wa namna hiyo tangu nianze kutumika hapa. Ukiwasikiliza bila haraka, utagundua kwamba wengi hawajamkataa Mungu wa Biblia. Wamechoshwa na picha fulani ya Mungu waliyochorewa na watu, na picha hiyo haikuwa ya kweli tangu mwanzo. Kwa hivyo, kabla hujasema umeshindwa kumwamini Mungu, hebu kwanza tuulizane: ni Mungu yupi huyo uliyeshindwa kumwamini?

MUNGU WA DAFTARI

Kila duka la mtaani lina daftari chini ya kaunta. Jina lako liko pale: unga, sukari, mafuta, umelipa hivi, umebakisha hivi. Ukimaliza deni unapewa tena. Usipomaliza, hata chumvi hupati. Mimi nilisomea biashara, na nakwambia daftari hilo halina ubaya wowote. Duka lisilo na hesabu halifiki Krismasi. Shida inaanza tukilitoa pale kaunta tukalitia mkononi mwa Mungu.

Ndipo mtu anaanza kufikiri hivi: nikitoa, nikifunga, nikikesha, Mungu ana deni langu. Akichelewa kulipa, basi kuna kitu sijakamilisha. Labda mbegu ilikuwa ndogo. Labda kuna dhambi niliyoisahau. Jirani akijenga, tunasema amelipwa. Jirani akifiwa, tunaanza kuchunguza alibakisha nini.

Sasa fungua Ayubu sura ya 1. Mungu mwenyewe anamsifu Ayubu kwamba ni mtu mkamilifu na mwelekevu. Ni nani basi anayeleta habari ya malipo? Soma mstari wa 9 polepole. Ni Shetani. Hoja yake ni kwamba Ayubu hamchi Mungu hivi hivi tu; analipwa vizuri. Amezungushiwa ua, mifugo imejaa, kazi ya mikono yake imebarikiwa. Ondoa malipo, anasema, na utamsikia akikulaani mbele ya uso wako. Mpendwa, isikie hiyo vizuri. Katika kitabu hiki, wa kwanza kusema kwamba mtu na Mungu wanafanya biashara ya nipe nikupe ni yule mshtaki. Wazo hilo halikutoka mbinguni kwa Mungu. Lilitoka kinywani mwa adui yake.

Halafu wanakuja marafiki watatu: Elifazi, Bildadi na Sofari. Mwanzo wao ni mzuri sana. Sura ya 2:13 inasema waliketi chini pamoja naye siku saba mchana na usiku bila kusema neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno. Lau wangeishia hapo! Lakini walipofungua vinywa, wakafungua na daftari. Hesabu yao ilikuwa rahisi: Mungu ni mwenye haki, Ayubu anateseka, kwa hivyo Ayubu ana deni.

Waliosomea uhasibu wanajua kuna jaribu moja hutokea vitabu vikikataa kulingana. Mtu anabuni tarakimu ili pande mbili ziwe sawa. Elifazi alifanya hivyo hasa. Soma sura ya 22:6-9. Anamwambia Ayubu kwamba alichukua rehani kwa ndugu zake bila sababu, kwamba alimnyima maji aliyechoka, kwamba aliwafukuza wajane mikono mitupu. Alizitoa wapi habari hizo? Hakuna popote zilipotokea. Alizibuni, kwa sababu bila dhambi hizo hesabu yake haingekubali. Ilikuwa afadhali kwake kumchafulia rafiki jina kuliko kukubali kwamba kuna jambo halielewi.

Na mwisho Mungu anasema nini? Sura ya 42:7, anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na juu ya rafiki zake wawili, maana hawakunena yaliyo sawa juu yake kama Ayubu alivyonena. Fikiria hapo kidogo. Ayubu alilia, alilaani siku aliyozaliwa, alimdai Mungu amjibu. Hao watatu walimtetea Mungu kutoka sura ya 4 mpaka ya 25. Lakini walioambiwa wachukue ng'ombe saba na kondoo waume saba, kisha wamwendee Ayubu awaombee, ni wale watetezi. Aliyelia ndiye aliyefanywa mwombezi wao.

"NILIBAKISHA NGAPI?"

Kuna mama mmoja wa ushirika wetu aliyeniruhusu nisimulie habari yake bila kumtaja. Mume wake alikuwa na ugonjwa wa figo, akisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Mama alisikia mhubiri mmoja, si wa hapa kwetu, akiahidi kwamba atakayepanda mbegu ataona uponyaji kwa siku 21. Akakopa shilingi 15,000 kwa chama, akazituma kwa simu. Siku ya 17 mume akafariki.

Baada ya matanga alikuja ofisini. Hakulia. Aliketi, akaweka mkoba kwenye magoti, akaniuliza, "Pasta, niambie tu ukweli. Nilibakisha ngapi?"

Wapendwa, hilo ndilo swali ambalo Mungu wa daftari anamwachia mjane. Hakuuliza kama Mungu anampenda. Aliuliza salio. Alitaka kujua ni shilingi ngapi zilizopungua mpaka watoto wake wakakosa baba.

Nilimwambia, "Mama, hakuna salio. Hakukuwa na bei." Kisha tukafungua 2 Wafalme 5, na nataka nanyi muifungue.

Naamani, jemadari wa Shamu, alikuja Israeli na ukoma wake, talanta kumi za fedha, vipande elfu sita vya dhahabu na mavazi kumi ya kubadilisha. Alikuja kama mteja mkubwa. Elisha alimwambia tu akaoge Yordani mara saba. Alipopona akarudi kulipa, na Elisha akakataa. Akasihiwa sana, akakataa tena. Kwa nini? Nionavyo mimi, kama angepokea, Naamani angerudi kwao akisema Mungu wa Israeli ana bei nzuri. Ni Gehazi, mtumishi, aliyekimbia nyuma ya gari kupeleka invoisi ambayo bwana wake hakuiandika. Alipata talanta mbili na mavazi mawili. Na alipata ukoma wa Naamani pia. Mungu alichukulia jambo hilo kwa uzito kiasi hicho.

Najua kuna mtu anauliza: Pasta, kwa hivyo tusitoe? Na Malaki 3:10 je? Toeni, tena kwa furaha. Lakini someni Malaki vizuri. Zaka iliingia ghalani ili kiwepo chakula katika nyumba ya Mungu. Na Kumbukumbu la Torati 14:28-29 inatuonyesha chakula hicho kilikuwa cha nani: Mlawi asiye na shamba, mgeni, yatima na mjane. Basi pima mwenyewe. Zaka iliwekwa ili mjane ale. Ikiwa mafundisho yangu yanamfanya mjane akope kwa chama ili mimi nile, nimeligeuza Neno juu chini. Tunatoa kama watoto wanaomshukuru Baba. Hatutoi kama wateja wanaongoja bidhaa.

MUNGU MWENYE RUNGU

Picha ya pili ni ndugu ya ya kwanza. Ni Mungu anayevizia nyuma ya kichaka kama askari, akingoja ukosee akupige. Gari likianguka, mtu akipoteza kazi, mtoto akizaliwa na ulemavu, tunauliza: ni nani alikosa?

Yesu aliulizwa hilo moja kwa moja. Katika Yohana 9 wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua kama ni yeye aliyetenda dhambi ama wazazi wake. Waliweka majibu mawili mezani, na Yesu akayakataa yote mawili. Katika Luka 13 anawataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Anauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu, na anajibu mwenyewe kwamba sivyo. Kisha anawageukia wanaouliza, awaambie watubu wao. Yaani, msiba wa jirani haukupewa uufanyie uchunguzi. Umepewa uangalie moyo wako.

Na kwetu sisi Wapentekoste tunaoamini uponyaji, nami ni mmoja wao, Matendo sura ya 12 ni ya lazima. Herode anamwua Yakobo ndugu yake Yohana kwa upanga. Kisha anamkamata Petro. Kanisa linaomba kwa juhudi, malaika anakuja, minyororo inaanguka, Petro anatoka. Ni kanisa moja, mji mmoja, Mungu mmoja, sura moja. Je, tuseme Yakobo alikuwa na imani ndogo kuliko Petro? Ama mama yake Yakobo alibakisha mbegu? Luka haelezi kwa nini mmoja alikufa na mwingine akatoka. Anaandika yote mawili, na kanisa lile likaendelea kuomba. Nasi tutaendelea kuwawekea wagonjwa mikono Jumapili hii na ijayo. Lakini hatutamwambia aliyefiwa kwamba yeye ndiye sababu.

MUNGU ASIYEULIZWA

Picha ya tatu inasema: usiulize. Kuuliza ni uasi. Aliye madhabahuni amesema, imetosha.

Sisi Wakenya hatuwezi kuzungumzia hili kama mambo ya mbali. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wakiwemo watoto wengi. Watu walikuwa wameaminishwa kwamba wakifunga mpaka kufa watakutana na Yesu. Mambo ya kesi tuyaachie mahakama. Lakini kanisa lina funzo lake pale. Picha mbaya ya Mungu haimwachi mtu na huzuni tu. Inaweza kumwua, yeye na watoto wake. Na mahali ambapo hakuna ruhusa ya kuuliza, hakuna wa kusema simameni.

Linganisha na Matendo 17:11. Watu wa Beroya walimsikia Paulo, mtume mwenyewe, wakaenda kuyachunguza maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo. Hawakuitwa waasi. Walisifiwa kuwa waungwana. Kwa hivyo nikihubiri mimi, ama yeyote mwingine, chukua Biblia ukanichunguze. Hutanikosea heshima.

Na si wahubiri tu. Hata Mungu aliulizwa na watu wake, na hakuwafukuza. Habakuki anafungua kitabu chake kwa kulalamika amelia hadi lini bila kusikiwa. Jibu alilopata lilimtisha zaidi, maana Wakaldayo walikuwa wanakuja. Akauliza tena. Mwisho wa sura ya 3 maisha yake hayajabadilika. Anasema hata shamba likikosa mavuno na zizi likibaki tupu, bado atamfurahia Bwana. Alifika hapo kwa kupitia maswali. Hakuyaruka.

Yohana Mbatizaji ndiye anayenigusa zaidi. Huyu alimwona Roho akishuka juu ya Yesu kama hua. Alimtangaza kwa makutano. Lakini Mathayo 11 inamkuta gerezani, na kutoka huko anatuma wanafunzi wake wamwulize Yesu: ni wewe, ama tungoje mwingine? Yesu hakukasirika. Aliwatuma wamwambie wanayoyaona na kuyasikia: vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanahubiriwa habari njema. Na walipoondoka tu, akawaambia watu kwamba katika waliozaliwa na wanawake hajatokea aliye mkuu kuliko Yohana. Angalia siku aliyosifiwa. Si siku ya ubatizo Yordani. Ni siku aliyouliza.

Yohana hakutoka gerezani. Sura ya 14 inatuambia alivyouawa. Hakupewa mlango wazi. Alipewa jibu na heshima ya Bwana wake, na Yesu aliposikia amekufa alitafuta mahali pa faragha. Siwezi kuifanya habari hiyo iwe nyepesi, wala sitajaribu.

SASA TUFANYE NINI NA SHAKA

Kwanza, mpelekee Mungu mwenyewe. Kumsema Mungu kwa watu na kumwambia Mungu ni mambo mawili tofauti. Soma Zaburi ya 88 wiki hii. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, bila ushuhuda wa mwisho, na bado Mungu aliiacha ndani ya Biblia tuisome. Yule mama aliniambia juzi kwamba amemwambia Mungu wazi wazi kuwa amemkasirikia. Alidhani nitamkemea. Nilimwambia, "Mama, hayo ni maombi. Endelea." Bado ana siku za giza, na deni la chama bado analipa. Lakini anazungumza na Mungu, na Mungu anayezungumza naye sasa si yule wa salio.

Pili, usiende kuwa na shaka peke yako. Tunamwita Tomaso msaliti wa imani, lakini soma Yohana 20:26. Baada ya siku nane wanafunzi walikuwa ndani tena, na Tomaso alikuwa pamoja nao. Wiki nzima wenzake wanasema wamemwona Bwana, yeye hakubali, na bado wanakula pamoja. Hawakumfukuza, naye hakuondoka. Yesu alipokuja, alimkuta nyumbani. Lau wangemtoa kwa huduma Jumatatu, angekuwa wapi ile siku?

Tatu, kila picha ya Mungu unayopewa, ipeleke kwa Yesu uilinganishe. Katika Yohana 14:9 alimwambia Filipo kwamba aliyemwona yeye amemwona Baba. Basi uliza: Je, Yesu alimtoza nani kabla ya kumponya? Ni mjane gani aliyemwambia imani yako imepungua? Pale Naini alimwona mjane anazika mwanawe wa pekee, na hakumwuliza deni wala dhambi. Alimhurumia. Kama picha uliyonayo haifanani na huyo, iache ianguke. Usiogope ikivunjika. Mungu hajavunjika pamoja nayo.

Na nyinyi ambao kwa neema hamna shaka leo, Yuda mstari wa 22 unawahusu: wenye shaka wahurumiwe. Ukienda kwa aliyefiwa, fuata mfano wa wale marafiki watatu katika siku saba za kwanza, na uache waliyofanya siku ya nane. Keti. Beba unga na majani chai. Osha vyombo. Maelezo yako yanaweza kungoja.

Mwisho, nimesema Mungu hana daftari la madeni. Mtu aweza kusema, "Lakini Pasta, dhambi zetu je? Si hizo ziliandikwa?" Ndiyo, ziliandikwa, na Wakolosai 2:14 inatuambia hati hiyo ilipo. Iliondolewa, ikagongomewa msalabani. Kwenye biashara, hati iliyolipwa haipelekwi tena kwa mdaiwa. Yeyote anayekuletea ukurasa wa kudai, awe mhubiri, jirani ama sauti yako mwenyewe usiku, mwulize ameutoa wapi.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Ukiwa mtoto ulifundishwa Mungu ni wa namna gani? Ni nini katika picha hiyo hakilingani na Yesu wa Injili?
2. Soma Ayubu 22:6-9. Je, kuna wakati tumebuni kosa la mtu ili tueleze msiba wake?
3. Soma Matendo 12:1-17. Ungemwambia nini mama yake Yakobo usiku ule Petro alipobisha hodi?
4. Kikundi chenu kingempokeaje mtu anayesema, "Siku hizi sina hakika kama Mungu ananisikia"? Kubalianeni jambo moja mtakalofanya.

Kiongozi wa kikundi: swali la nne msilipitie haraka. Na mtu akilia, msimkatize kwa wimbo.

TUOMBE

Baba, unajua walio kati yetu wanaosoma haya wakiwa wamechoka. Wengine wamekukasirikia, wengine wamekuogopa bure kwa miaka. Tuondolee picha tulizojichorea na tulizochorewa. Tuonyeshe Mwanao. Wafariji wajane na yatima waliotozwa kwa jina lako, na utufanye kanisa ambalo Tomaso anaweza kukaa ndani yake mpaka siku ya nane. Katika jina la Yesu, Amina.